Marejeleo Hukaguliwa Siku Yanapoingia Kwenye Programu: Kwa Wanaoanza Uzamili

Swali la kwanza la mwanafunzi mpya kwenye meza ya mkutubi huwa ni programu gani atumie kupanga marejeleo. Jibu ni fupi: kama hakuna anayekulipia, chukua Zotero. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, ilianzishwa mwaka wa 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani, na inafanya kazi na Word, LibreOffice na Google Docs. Mendeley, ambayo ni mali ya Elsevier tangu 2013, nayo ni ya bure na inakupa gigabaiti 2 mtandaoni, ila kifaa chake kipya cha kuweka marejeleo kinategemea Word. EndNote inalipiwa. Kama chuo chako kina leseni yake, itumie kwa raha, lakini uliza mapema leseni hiyo itakuwa ya nani siku utakapohitimu.

Uchaguzi wa programu haujawahi kumkwamisha mtu. Kinachokwamisha ni imani kwamba programu inajua. Haijui kitu. Inachukua kilichoandikwa kwenye rekodi, yaani maelezo ya chanzo, na kukipanga kwa mtindo ulioagiza, kiwe sahihi au kibovu.

Usakinishaji una sehemu tatu, na ni vizuri kuelewa kila moja inafanya nini. Kuna programu yenyewe kwenye laptopu, inayohifadhi rekodi na PDF zako. Kuna kiendelezi cha kivinjari, kinachonasa rekodi kutoka kwenye ukurasa uliofungua. Kisha kuna akaunti ya mtandaoni, inayooanisha maktaba yako kati ya vifaa na kukuwezesha kuifungua kwenye kompyuta yoyote. Anza na programu, Word ikiwa imefungwa, ndipo uweke kiendelezi, halafu ufungue akaunti. Usipoona kichupo cha Zotero juu ya Word, ingia kwenye mipangilio ya Zotero, sehemu ya marejeleo, usakinishe upya kiunganishi cha Word kisha ufungue Word tena.

Akaunti ya bure ina megabaiti 300. Hizo ni za faili zilizoambatishwa tu. Rekodi zenyewe, yaani majina, vichwa, tarehe na maelezo uliyoandika, huoanishwa bila kikomo. PDF mia mbili za ukubwa wa kawaida zitajaza nafasi hiyo kabla hujamaliza sura ya pili. Hapo una njia mbili: lipa dola 20 kwa mwaka upate gigabaiti 2, au zima uoanishaji wa faili na uache rekodi pekee zipande mtandaoni. Kwa mtu anayenunua bando la siku, njia ya pili inaokoa pesa mara mbili. Ukiamua kuacha faili zioanishwe, chagua zishuke pale tu unapozifungua, la sivyo laptopu itazivuta zote mara tu inapopata intaneti ya simu yako.

Onyo moja hapa. Usiihamishie folda ya data ya Zotero ndani ya Dropbox, OneDrive au Google Drive ukidhani unajiwekea nakala. Hifadhidata yake ni faili moja inayoandikwa kila mara. Huduma hizo zikiigusa wakati programu imefunguka, inaweza kuharibika. Nakala ya akiba hufanywa hivi: funga Zotero, nakili folda nzima iitwayo Zotero iliyo kwenye folda yako kuu ya mtumiaji, iweke kwenye flashi au diski ya nje. Fanya hivyo kila wiki. Stima hupotea, na laptopu hupotea pia.

Sasa kunasa rekodi. Kitufe cha kiendelezi hubadilika sura kulingana na ukurasa. Ukiona picha ya karatasi yenye maandishi, kimetambua makala. Picha ya kitabu ni kitabu. Folda ina maana kuna matokeo mengi na utachagua. Ikiwa kinaonyesha ukurasa wa wavuti wa kawaida, hakijatambua kitu, na ukibofya utapata rekodi isiyo na mwandishi wala jarida. Wengi hunasia kwenye orodha ya matokeo ya Google Scholar kwa sababu ni haraka. Rekodi za hapo mara nyingi hukosa DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) na muhtasari, na ukinasa nyingi kwa mpigo Google itakudai uthibitishe kwamba wewe si roboti. Bofya kichwa, fika kwenye ukurasa wa mchapishaji, nasia huko. Ikiwa una DOI, au ISBN ya kitabu, tayari, tumia alama ya kifimbo ndani ya Zotero: bandika namba, gonga kitufe cha kuingiza, basi.

Rekodi ikiingia bila PDF, usidhani programu imeharibika. Majarida mengi ya kulipia huwafikia wanafunzi wa hapa Kenya kwa usajili wa vyuo kupitia muungano wa maktaba, KLISC, na usajili huo hutambua mtandao wa chuo. Ukiwa nyumbani Rongai au Kahawa, mchapishaji anakuona kama mpita njia. Ingia kwanza kupitia mlango wa maktaba wa watumiaji wa nje ya chuo, ndipo ufungue makala.

Na hapa ndipo kazi ilipo. Rekodi ikishaingia, iangalie papo hapo, ukurasa wa makala ukiwa bado wazi mbele yako. Ni dakika moja. Ukiacha, utazikuta rekodi 180 zikikungoja usiku wa kuwasilisha.

Anza na jina la mwandishi. Ripoti ya Kenya National Bureau of Statistics mara nyingi huingia kana kwamba shirika hilo ni mtu: neno la mwisho linakuwa jina la ukoo, na orodha yako ya marejeleo kwa mtindo wa APA inatoa "Statistics, K. N. B. of". Mtahini akiona hivyo anajua hukusoma orodha yako mwenyewe. Mwishoni mwa mstari wa mwandishi kuna kitufe kidogo kinachogeuza jina kutoka visanduku viwili kuwa kimoja. Kibofye, andika jina zima la shirika. Fanya vivyo hivyo kwa wizara, kaunti, Benki ya Dunia na WHO. Ngũgĩ wa Thiong'o naye hukaa vizuri kwenye kisanduku kimoja, na katalogi kubwa za maktaba humweka hivyo, chini ya Ngũgĩ. Zingatia alama juu ya herufi: ukiwa na rekodi moja yenye "Ngũgĩ" na nyingine "Ngugi", kwa programu hao ni watu wawili.

Jambo hilohilo ndilo linaloleta swali ambalo wakutubi wameshalizoea: mbona rejeleo langu linasema "(J. K. Mwangi, 2019)" na si "(Mwangi, 2019)"? Kwa sababu una rekodi mbili zenye Mwangi, moja imeandikwa James Kamau na nyingine J. K., na APA inaagiza watu tofauti wenye jina moja la ukoo watofautishwe kwa herufi za mwanzo. Kama ni watu wawili kweli, acha, programu imefanya sawa. Kama ni mmoja, sawazisha majina kwenye rekodi zote.

Dada yake tatizo hilo ni "2019a" na "2019b" zinazotokea wakati unajua umenukuu kazi moja tu. Hiyo ni rekodi iliyonaswa mara mbili. Fungua folda ya zinazojirudia, uziunganishe. Usifute moja: ikiwa ile uliyofuta ndiyo iliyo ndani ya Word, rejeleo lile litabaki yatima na halitabadilika tena hata ukisahihisha rekodi.

Vichwa vya makala huingia kwa herufi kubwa tupu au kila neno likianza kwa kubwa. Vihifadhi kwa herufi za sentensi: bofya kulia kwenye kichwa, chagua kugeuza, kisha rudishia herufi kubwa za Kenya, Nairobi na majina mengine ya pekee, kwa sababu ugeuzaji unaweza kuyameza. Programu inaweza kukuza herufi pale mtindo unapotaka, ila haiwezi kuzishusha. Wanaosoma fasihi na isimu wana la ziada: kwa kitabu cha Kiswahili, andika "sw" kwenye kisanduku cha lugha. Bila hivyo, mitindo kama MLA na Chicago itakikuzia kila neno kana kwamba ni Kiingereza, hata "la" na "wa" zisipone.

Tasnifu kutoka kwenye hazina za mtandaoni za vyuo vyetu zinahitaji jicho kali kuliko vyote. Mara nyingi huingia kama makala ya jarida, na tarehe ni ile ya kupakiwa, wakati mwingine ndefu yenye saa na dakika ndani yake. Badilisha aina iwe tasnifu, andika chuo, kiwango cha shahada, na mwaka ulioandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kazi yenyewe.

Ikiwa umepewa orodha ya marejeleo na programu ya akili unde, pitisha kila DOI kwenye kile kifimbo kabla ya kuisogeza popote. Nyingine hazitapatikana. Nyingine, na hizi ndizo hatari, zitaleta makala halisi isiyohusiana kabisa na kichwa ulichopewa. Zotero pia hukagua rekodi dhidi ya hifadhidata ya Retraction Watch. Ukiona onyo jekundu juu ya rekodi, makala hiyo imeondolewa na jarida.

Kwenye Word, sheria ni moja: usiandike kwa mkono juu ya rejeleo lililowekwa na programu. Ukitaka namba ya ukurasa, au kuondoa jina kwa sababu umeshalitaja kwenye sentensi, bofya rejeleo, fungua "Add/Edit Citation", kisha bofya jina ndani ya upau. Ukilisahihisha kwa mkono, programu itakuuliza kama ubakishe mabadiliko. Ukikubali, rejeleo hilo halisasishwi tena. Tasnifu ikianza kuwa nzito na kila rejeleo linachukua sekunde kadhaa, zima usasishaji wa papo kwa papo kwenye mapendeleo ya waraka, usasishe mwenyewe mara moja kwa siku. Sura zilizoandikwa kwenye faili tofauti ziunganishe mapema, maana hesabu ya a na b hufanywa ndani ya faili moja.

Muulize pia msimamizi wako anafungua faili yako kwa programu gani. Faili ya Word ikipakiwa Google Docs na kurudi, marejeleo huweza kugeuka maandishi mafu. Kuna njia rasmi ya kuhamisha kwenye mapendeleo ya waraka. Itumie, au mtumie PDF aweke maoni humo. Uliza pia idara inataka toleo gani la APA. La 7 limeondoa mji wa mchapishaji, na linatumia "et al." tangu mara ya kwanza kwa waandishi watatu au zaidi.

Kwenye kompyuta za maktaba huna ruhusa ya kusakinisha. Fungua maktaba yako kwenye tovuti ya Zotero, au tumia ZoteroBib, tovuti isiyohitaji kusakinishwa, kwa kazi ndogo, na utoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

Kabla ya kwenda saiba kuchapa, hifadhi nakala ya pili ya tasnifu na uipe jina jingine. Ni kwenye nakala hiyo tu utakapobofya "Unlink Citations", inayokata uhusiano wa marejeleo na programu, kisha uigeuze PDF. Ile ya kwanza, yenye marejeleo hai, iache ilivyo hadi baada ya utetezi. Watahini wakidai uongeze vyanzo, ni humo utakaporudi kuviongeza.