Pesa pekee haikumtoa Robert Downey Jr.

Huenda unajiuliza kama mwigizaji Downey angepona uraibu wa dawa za kulevya bila pesa za Hollywood. Lakini pesa si alikuwa nazo hata akizama? Mwaka 1996 alikutwa amelala kitandani kwa mtoto wa jirani huko Malibu, amelewa chakari. 1999 akafungwa jela kwa kukwepa vipimo vya dawa alivyoamriwa na mahakama. Aliacha 2003, na hata hapo kampuni za bima za filamu hazikutaka kumgusa. Mwigizaji mwenzake, Mel Gibson, ndiye aliyemlipia dhamana ya bima mpaka akarudi kwenye filamu. Sasa sikiliza hotuba yake ya Oscar, Machi 2024: anamtaja mkewe, halafu wakili aliyehangaika miaka na miaka kumtafutia bima na kumtoa korokoroni. Kilichomtoa ni watu, bwana.

Mimi nina binamu yangu aliyekuwa kwenye unga, yaani heroini. Kila asubuhi anaenda hospitali ya Mathari, Nairobi, kunywa kikombe kidogo cha methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya unga, mbele ya muuguzi, Jumapili na Krismasi pia. Dawa halipii. Kinachomsumbua ni nauli, na anayeitoa ni mama yake, muuza mboga, ambaye hampi pesa mkononi: humsindikiza mpaka stejini, akamlipa makanga mwenyewe. (Aliwahi kumpa mkononi. Tuyaache hayo.) Juzi mvua ilipopandisha nauli maradufu, walitembea wote wawili kutoka Kariobangi, mama mbele na mwavuli, yeye nyuma, viatu mkononi.