Maswali na Majibu: Filamu Zinazorudia Anime Kongwe

Barua za safari hii karibu zote zimehusu jambo moja, nalo ni kama filamu zilizotengenezwa upya kutokana na anime, yaani katuni za Kijapani, za zamani zinastahili kutazamwa. Zile zilizouliza tu "Je, zinafaa?" bila kutaja filamu hata moja nimeziweka kando.

Swali: Sina muda wa kutazama vipindi vyote 26 vya Neon Genesis Evangelion. Nikitazama zile filamu nne mpya, si zitatosha? (Mwanafunzi, Dodoma)

Hazitoshi, na swali hili nimekwisha kulijibu hapa zaidi ya mara moja. Filamu hizo zilitoka mwaka 2007, 2009, 2012 na 2021, chini ya Hideaki Anno, mwongozaji yuleyule wa vipindi vilivyorushwa kwenye televisheni ya Japani kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996. Ya kwanza ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu inafuata vipindi sita vya mwanzo karibu tukio kwa tukio, na mtazamaji mwenye haraka huamini kwamba amepata njia ya mkato. Ya pili inaanza kuchepuka na kumwingiza Mari, msichana ambaye hakuwapo kabisa katika vipindi. Ya tatu inaruka miaka 14 mbele bila kumwonea huruma yeyote aliyekuja akitarajia hadithi aliyoizoea. Tena, tangu filamu ya kwanza bahari ni nyekundu. Aliyevitazama vipindi anayakumbuka yale mapigano ya meli kwenye maji ya buluu, na papo hapo anatambua kwamba dunia hii si ile. Asiyevitazama hudhani kwamba bahari ya hadithi hii ndivyo ilivyokuwa siku zote, na ishara hiyo inampita.

Nazitetea filamu hizi kwa sababu Anno hakurudi ili afupishe. Vipindi viwili vya mwisho vya mwaka 1996 vilipita karibu vyote ndani ya mawazo ya wahusika, watazamaji wengi wakalalamika, naye mwaka 1997 akatoa filamu yenye mwisho mwingine, mkali na mchungu kuliko ule wa kwanza. Ile ya 2021, yenye dakika 155, imetoka kwa mtu aliyekwisha kueleza hadharani jinsi sonona ilivyomwangusha baada ya filamu ya 2012, na sehemu kubwa ya mwanzo wake hupita kijijini, watu wakipanda mpunga na kulea watoto, kabla haijarejea kwenye vita. Anno wa 1995 asingeiandika sehemu hiyo. Lakini mtu hawezi kuona jinsi mtunzi alivyobadilika ikiwa hajui alianzia wapi, kwa hiyo anza na vipindi 26, fuatisha filamu ya 1997, kisha ndipo uzitazame hizi nne. Kama huna muda huo, tazama kitu kingine kabisa. Evangelion haimo kwenye mtihani wa taifa.

Swali: Filamu ya Gundam ni nzuri? (Msomaji, hakutaja anakoishi)

Ipi? Zipo nyingi kiasi kwamba kuuliza hivi ni sawa na kutouliza. Nitakisia kwamba unazungumzia zile tatu za mwanzo.

Mobile Suit Gundam ilianza kurushwa mwaka 1979 ikakosa watazamaji, na vipindi 52 vilivyokuwa vimepangwa vikakatwa vikawa 43. Umaarufu ulikuja baadaye, iliporushwa tena na roboti zake za plastiki za kuunganisha kutoka Bandai zilipoanza kugombewa madukani. Ndipo mwongozaji wake, Yoshiyuki Tomino, akavikusanya vipindi hivyo kuwa filamu tatu, mbili mwaka 1981 na ya tatu mwaka 1982. Kwa kawaida simshauri mtu atazame filamu za kukusanya vipande, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa ili kuuza tiketi mara ya pili kwa kazi ileile. Hizi nazitenga kwa sababu mkasi ulishikwa na mwenye kazi, na miongoni mwa vilivyokatwa ni vitu vilivyoingizwa kwa ajili ya biashara ya midoli ya wadhamini, kama ile ndege ya G-Armor, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Core Booster. Filamu ya tatu ina michoro mipya mingi, kwani Yoshikazu Yasuhiko, aliyewasanifu wahusika, alikuwa mgonjwa wakati vipindi vya mwisho vinatengenezwa, na hapa akapata nafasi ya kuvichora alivyotaka.

Hukuuliza, lakini nitakueleza: mwaka 2022 Yasuhiko huyohuyo alikichukua kipindi cha 15, kinachohusu kisiwa cha Cucuruz Doan, ambacho michoro yake ilikuwa mibovu hata mashabiki wakaifanyia mzaha kwa miaka mingi, akakifanya filamu nzima. Kipindi cha dakika zisizozidi 25 kikapata nafasi ya kupumua, watoto wa kisiwani wakapata tabia zao. Laiti watengenezaji wengi zaidi wangefanya hivi, yaani kuchukua sehemu ndogo iliyoharibika na kuikuza, badala ya kukamua saa 20 ziingie katika mbili.

Swali: Vipi nikitazama muhtasari wa dakika kumi YouTube, kisha niende moja kwa moja kwenye filamu? (Msomaji, Kampala)

Basi tazama muhtasari wa filamu pia, uokoe muda wote.

Swali: Nilikua na Slam Dunk. Nimesikia filamu yake imebadilisha sauti za wahusika wote na kwamba Sakamichi si mhusika mkuu tena. Niitazame au nibaki na kumbukumbu zangu? (Mchezaji wa zamani wa kikapu, Nairobi)

Kwanza, ni Sakuragi. Pili, itazame leo. Mashabiki wa Japani walinung'unika kuhusu sauti hizo kabla filamu haijatoka Desemba 2022, kisha wakajaa kumbini hadi mapato yakapita yeni bilioni 15. Takehiko Inoue, mchoraji wa manga yenyewe, yaani vitabu vya katuni vilivyoanzisha hadithi hiyo, aliiandika na kuiongoza kwa mkono wake, na uamuzi wake mkubwa ulikuwa kuisimulia hadithi kupitia kwa Ryota Miyagi, yule mlinzi mfupi kutoka Okinawa ambaye vipindi havikuwahi kumpa nafasi ya kutosha. Vipindi 101 vya televisheni vilikoma mwaka 1996 kabla ya mechi dhidi ya timu ya Sannoh, na filamu ndiyo inayoicheza mechi hiyo kuanzia mwanzo hadi kipenga cha mwisho. Mtu aliyecheza kikapu ataona jinsi miguu inavyokanyaga sakafu na jinsi mchezaji anavyopumua akiwa amechoka, mambo ambayo zamani yalifunikwa na mpira kuelea hewani huku watu wakizungumza dakika nzima.

Swali: Mwanangu ana miaka tisa na anapenda katuni. Je, nimruhusu atazame filamu za Berserk? (Mama, Nakuru)

Hapana, mama. Filamu hizo tatu zina mauaji na ubakaji. Kuchorwa kwa kitu hakukifanyi kuwa cha watoto, na ninaomba wazazi mtazame wenyewe kabla ya kumkabidhi mtoto simu.

Kwa watu wazima wanaouliza kama filamu hizo za 2012 na 2013 zinashinda vipindi 25 vilivyoanza mwaka 1997, jibu langu ni kwamba hazishindi. Wapiganaji waliochorwa kwa kompyuta wanatembea kwa ukakamavu usio na uzito, na urafiki wa Guts na Griffith, wahusika wakuu wawili, ambao ndio msingi wa maumivu yote yanayofuata, umepewa muda mfupi mno. Muziki wa Susumu Hirasawa unasikika katika vipindi na katika filamu, kwa hiyo hata hapo hupotezi kitu ukichagua vipindi.

Swali: Kwa nini filamu za waigizaji halisi huharibika kila mara? (Msomaji, Zanzibar)

Si kila mara. Ni kweli Dragonball Evolution ya mwaka 2009 ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwandishi wake, Ben Ramsey, aliwaomba mashabiki radhi mwaka 2016, na Akira Toriyama, mtunzi wa Dragon Ball yenyewe, alieleza kwamba kuchukizwa nayo kulimsukuma kushiriki katika filamu ya uhuishaji ya 2013. Lakini Rurouni Kenshin, iliyoanza mwaka 2012 chini ya Keishi Ohtomo, ni nzuri, tena nzuri sana. Wengi hunakili nywele na mavazi kisha wakadhani kazi imekwisha. Ohtomo alimleta Kenji Tanigaki, aliyejifunza kazi ya mapigano Hong Kong, na hivyo kasi ya Kenshin, yule mpiga upanga, tuliyoiona ikichorwa ikapata mwili wa mtu anayekimbia kweli.

Swali: Mimi hutazama kibandani, filamu zikiwa na msimuliaji wa Kiswahili. Nitapungukiwa na nini? (Msomaji, Mbeya)

Inategemea filamu. Kuanzia Lufufu hadi DJ Afro, wasimuliaji wetu wamezipa filamu za mapigano uhai ambao wakati mwingine haukuwamo, na Kenshin akisimuliwa hivyo sitalalamika. Evangelion ni suala jingine. Katika vipindi vyake kuna tukio ambapo wasichana wawili wamesimama ndani ya lifti karibu dakika nzima bila kusema neno, na kimya hicho ndicho ugomvi wao. Msimuliaji hulipwa ili asinyamaze.

Swali: Ipo basi filamu hata moja ninayoweza kuianza bila kutazama vipindi? Nimeambiwa nianze na Escaflowne. (Msomaji, Muscat)

Aliyekuambia hivyo anapenda picha kuliko hadithi. Filamu ya Escaflowne ya mwaka 2000 inapendeza kwa macho, ila vipindi 26 vimeshindiliwa humo kama sanduku lililokaliwa ili lifungike, na Hitomi, mhusika mkuu aliyekuwa mwanariadha mchangamfu, amegeuzwa msichana anayetamani kutoweka bila sisi kupewa muda wa kumjua.

Anza na Galaxy Express 999 ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Rintaro. Vipindi vyake, ambavyo hatimaye vilifika 113, vilikuwa bado vinarushwa ilipotoka, na filamu ikathubutu kuimalizia hadithi kabla ya televisheni. Umri wa Tetsuro, mvulana aliye mhusika mkuu, umeongezwa, vituo vingi vya treni yake ya angani vimeachwa, na kila kilichobaki kinaelekea mahali pamoja. Kuna ya pili ya mwaka 1981; hiyo usianze nayo.