Kumtoa mrushaji aliye moto

Ndugu, umeuliza kama Kevin Cash, kocha wa timu ya besiboli ya Tampa Bay Rays, alikosea kumtoa mrushaji wake Blake Snell mchezo wa 6 wa fainali ya 2020 dhidi ya Dodgers, na kama nawe uwatoe warushaji wako mapema vile.

Hoja yake haikuwa ya kijinga: mpigaji akikutana na mrushaji yuleyule mara ya tatu, keshamsoma. Ila tazama hali yenyewe. Awamu ya 6 kati ya 9, Rays wanaongoza 1-0, Snell karusha mipira 73 tu, katoa wapigaji 9 kwa straiki (mpigaji akishindwa na mipira mitatu halali), na Mookie Betts wa Dodgers anayefuata kupiga katolewa hivyo mara 2. Akaingia Nick Anderson, ambaye siku hizo kila akiingia anaruhusu alama. Betts akapiga dabo (pigo la kumfikisha kituo cha pili), Dodgers wakashinda 3-1.

Kwa hiyo usihesabu tu mara ambazo wapigaji wamekutana na mrushaji. Mipira ikianza kupaa na kiwiko kushuka, mtoe, ila kwanza jiulize anayeingia yukoje leo, si msimu mzima. Na aliye bora usimtunze kwa awamu ya mwisho. Mwaka 2016 Buck Showalter, kocha wa Baltimore Orioles, alimweka Zach Britton, mrushaji wake bora wa kumalizia michezo, akiba mpaka timu ikatolewa mashindanoni, hajarusha hata mpira mmoja. Hilo mimi bado linaniuma kuliko la Snell.