Kusoma chipu ya flashi: usiliamini faili la kwanza

Bodi ya kujifunzia kusoma chipu ya flashi, yaani kumbukumbu inayotunza programu ya kifaa, haina shida hapa Dodoma. Ulizia kwa mafundi wa redio na ving'amuzi ruta iliyokwisha kufa. Ndani tafuta chipu ya miguu minane yenye namba inayoanza na 25. 25Q64 ni megabaiti 8, 25Q128 ni 16. Soma na herufi za mwisho: W25Q64FV ni ya volti 3.3, W25Q64FW ni ya 1.8 na huhitaji adapta yake ya kushusha volti.

Kisomaji cha bei nafuu ni CH341A. Matoleo mengi meusi yana kasoro: mguu wa 8 hupata volti 3.3 sawasawa, lakini nyaya za data hutoa 5. Kichomeke kwenye kompyuta kikiwa kitupu, upime kwa mita kati ya mguu wa 4 na wa 1. Ukiona 5, kirekebishe au tafuta kingine. Chipu nyingi huvumilia, ila si za kubahatisha.

Chomoa umeme wa bodi. Sugua miguu kwa spiriti na mswaki, maana vumbi letu la kiangazi hujipenyeza kila mahali. Na kwa hewa kavu hii, gusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi. Bana chipu kwa klipu ya kisomaji; waya wake mwekundu ukae mguu wa 1, wenye kidoti. Kisha, kwa programu ya flashrom, soma chipu kwenye faili a.bin:

flashrom -p ch341a_spi -r a.bin

Rudia kwa b.bin, halafu linganisha yote mawili kwa sha256sum, amri inayotoa alama ya kipekee ya kila faili.

Chipu isipoonekana kabisa, klipu haijashika au imegeuzwa. Ikiwa inaonekana lakini mafaili yanatofautiana, mara nyingi prosesa ya bodi imeamshwa na umeme wa kisomaji, nayo inaisoma flashi wakati huohuo. Unganisha mguu wake wa riseti na graundi, au nyanyua mguu wa 8 wa chipu kwa pasi ya kuchomelea na uulishe umeme wa kisomaji peke yake. Nyaya ndefu nazo huharibu usomaji. Sentimita 10 zinatosha.

Mafaili kulingana hakutoshi: mawili yaliyojaa FF tupu (baiti za chipu isiyo na kitu) pia hulingana! Pitisha a.bin kwenye strings, amri inayoonyesha maneno yanayosomeka ndani ya faili. Kwa ruta nyingi utakutana na neno U-Boot, programu inayoiwasha ruta. Ukubwa wa 25Q64 uwe baiti 8,388,608 kamili.

Humo mara nyingi mna nenosiri la Wi-Fi la mwenye ruta wa zamani, kwa hiyo faili lisitoke kwenye kompyuta yako.