Muulize Refa: Huo Mstari ni wa Nani?

SWALI: Shikamoo Mzee Refa. Mimi ni mtu wa kandanda, rafiki yangu anacheza raga. Juzi tukitazama mechi, mpira ulikwama juu ya mstari wa goli, kipa akauzoa, refa akapeta. Rafiki yangu alicheka sana. Anasema kwao ukishaugusisha mpira kwenye mstari, unahesabiwa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nyote wawili. Tatizo ni kwamba mnautazama mpira, utazameni mstari. Kwenye kandanda mstari wa goli ni mali ya uwanja, kwa hiyo mpira ulio juu yake bado uko mchezoni. Kwenye raga mstari huo ni mali ya eneo lililo nyuma yake, lile la kufungia. Ukiukandamiza mpira hapo umeshafika: trai, pointi 5, na mkwaju wa kutafuta 2 nyingine kati ya nguzo.

Ugomvi wa kandanda unaletwa na umbo la mpira. Kipenyo chake ni kama sentimita 22, na mstari hauruhusiwi kuzidi 12. Basi pale mpira unapogusa nyasi panaweza kuwa pameshauvuka mstari, ukaona kabisa kijani katikati, kumbe tumbo lake bado linaning'inia juu ya chokaa. Hilo si goli, hata jukwaa zima liape. Kwenye Kombe la Dunia la 2022, Japani na Hispania, Kaoru Mitoma aliuwahi mpira kwenye mstari wa mwisho akaurudisha ndani, Ao Tanaka akafunga. Kwa picha za pembeni ulishatoka. Picha ya juu ikaonyesha ukingo wake umebaki juu ya mstari, na goli likasimama.

La Frank Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani, Kombe la Dunia la 2010, lilikuwa jambo jingine. Mpira uligonga mwamba, ukadunda ndani waziwazi, ukatoka, goli likakataliwa. Pale hapakuwa na hesabu ya sentimita, ni macho tu yalikosa. Kombe la 2014 likaja na teknolojia ya mstari wa goli, na saa ya refa ikawa inamtetemekea mkononi.

Usimwache rafiki yako ajigambe, lakini. Hadi 2020, godoro linalofunika nguzo ya raga lilihesabiwa kama mstari, ukiukandamiza mpira hapo chini unapewa trai. Walinzi, ambao lazima wabaki nyuma ya mstari, wangelizuiaje godoro lililochomoza mbele yao? Kanuni ikafutwa. Mimi naona walichelewa.

SWALI: Mpira ukigonga nguzo ukaingia, ni goli katika kila mchezo?

JIBU: Karibu yote. Kandanda, mpira wa mikono, hata mkwaju wa raga ukigonga nguzo kisha ukapita juu ya mwamba, unahesabiwa. Wabishi ni Waaustralia. Kandanda yao ya Kiaustralia ina nguzo nne kila upande, haina mwamba wala wavu. Ukipita safi kati ya zile mbili za katikati ni pointi 6. Kwa kanuni yao ya miaka mingi, ukipangusa nguzo kidogo tu, hata ukipita ndani, unaambulia 1. Kwa mshambuliaji wa kandanda nguzo inaweza kuwa rafiki. Kule haina urafiki na mtu.

Mpira wa magongo nao una lake: shuti la moja kwa moja kutoka nje ya nusu duara iliyo mbele ya goli si goli, hata likitikisa wavu. Kipa anaweza kulitazama tu likipita. Mimi nisingemshauri, maana gongo la mshambuliaji mmoja likiugusa mpira ndani ya duara, goli limeingia.