Niliambiwa nina ngozi ngumu, nikajifunza kujipamba mwenyewe

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimejipaka faundesheni mara tatu na mara zote natoka kama kinyago. Wenzetu mnafanyaje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Miaka sita iliyopita kinyago nilikuwa mimi, na ushahidi upo kwenye picha za harusi ya binamu yangu.

Siku ile mpambaji alinikalisha kitini na hakuniuliza neno. Akachukua faundesheni ile ile aliyompaka aliyenitangulia, akanisugua nayo, akanimwagia poda. Nilipomwambia naona kama nimepauka, akanijibu, "Ngozi yako ngumu, vumilia." Nikavumilia. Usiku picha zikaingia: shingo yangu, masikio yangu, na katikati yake uso wa mtu mwingine kabisa. Shangazi akauliza kwenye kundi la familia, yule wa pili kushoto ni nani? Watu wakacheka. Mimi pia nikaweka kicheko, nikazima simu, nikalia.

Sasa najua ngozi haikuwa na kosa. Faundesheni haikuwa ya rangi yangu, na poda nyingi zile nyeupe zisizoonekana usoni zina silika, ambayo hurudisha mwanga wa flashi ya kamera. Kwenye kioo unajiona umependeza, kwenye picha umemwagiwa unga. Baadhi ya krimu za kukinga jua zenye zinki au titani hufanya vivyo hivyo. Laiti ningejua, ningejipiga picha moja ya flashi kabla ya kutoka mlangoni.

Basi nikaapa kujifunza. Miezi ya kupaka na kufuta nairuka, haina utamu.

Lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni rangi. Nilikuwa napima faundesheni mgongoni mwa mkono, kama wengi wenu mnavyofanya, na mkono wangu na uso wangu havifanani hata kidogo. Pima kwenye taya, mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana, kisha simama dirishani. Si chini ya taa ya bafuni, dirishani! Mstari unaopotea ndio wako. Subiri dakika 10 kabla ya kufurahi, maana faundesheni nyingine huwa nyeusi zaidi zikishakauka. Halafu kuna rangi ya chini ya ngozi: wengine ni ya njano, wengine nyekundu. Mimi ni wa njano, na kwa miaka nilikuwa najipaka ya wekundu nikishangaa kwa nini natoka na rangi ya majivu.

Nakiri zamani kupata rangi yako ilikuwa kazi. Iman, mwanamitindo Msomali, alianzisha vipodozi vyake mwaka 1994 akiwalenga wanawake ambao madukani walikuwa hawajioni. Fenty Beauty, vipodozi vya mwimbaji Rihanna, ilipotoka mwaka 2017 na rangi 40 za faundesheni, makampuni mengine yakaanza kukimbizana. Kwa hiyo leo kisingizio kimepungua.

Kisha macho. Nina weusi chini ya macho tangu utotoni, na konsila, ile krimu nzito ya kufichia madoa, ilikuwa inaufanya uwe kijivu. Nilipoambiwa nianze na rangi ya chungwa nilidhani nataniwa. Lakini weusi ule una ubuluu ndani yake, na chungwa na buluu zinauana, ndiyo siri yenyewe. Mara ya kwanza nilijaza, nikatoka na miwani ya chungwa. Kinachotakiwa ni tone dogo, kwenye weusi tu, unaligonga kwa kidole cha pete, ndipo konsila ipite juu.

Na hapo kwenye kugonga ndipo nilipoelewa wapambaji wazuri wanatuzidi nini. Hawasugui. Sponji inaloweshwa, inakamuliwa mpaka haidondoshi, halafu inagonga. Tabaka jembamba, unaangalia, unaongeza pale tu panapohitaji. Poda nayo unaibonyeza kwenye paji, pua na kidevu, mashavu unayaacha yapumue. Nyusi? Chora vinyweleo kimoja kimoja, mwanzo wake uwe hafifu, basi.

Jumamosi nilijipamba mwenyewe kwa sherehe ya mdogo wangu. Dakika 40, nimekaa dirishani. Binti mmoja akanifuata mezani, "Nani kakupamba? Nipe namba yake." Nikampa yangu. Naringa? Naringa, nimesubiri miaka sita.

Ila wapenzi, niwaseme kidogo. Mnanunua sanduku zima la vipodozi kabla hamjaijua rangi yenu. Brashi hamzioshi mwezi mzima, halafu mnalalamikia chunusi. Zioshwe kila wiki. Maskara ya mwaka jana itupeni, miezi mitatu inatosha, hayo ni macho. Na acheni kutafuta faundesheni ya "kung'arisha". Mtu akikuambia ngozi yako ngumu, inuka kwenye kiti chake. Mimi sikuinuka.

Wewe uliyeniandikia: kesho asubuhi paka mafuta yako, yaache yakauke, kisha jipambe upande mmoja tu wa uso. Tabaka jembamba, gonga, usisugue. Simama dirishani upige picha mbili, moja bila flashi na moja ya flashi, unitumie zote.