Kulala Haeinsa, Korea Kusini: jibu kwa mdogo wangu aliyeuliza kama aende

Mdogo wangu, umesema uko Daegu masomoni, una wikiendi moja tu ya kupumua, unataka kujua kama Haeinsa panafaa kwenda, kama siku moja inatosha, na wewe Muislamu utafanyaje kwenye hekalu la Wabudha. Mimi nimeenda mara mbili, ngoja nikujibu kwa kirefu mana sehemu hii naipenda kweli.

Nenda, na ulale huko huko. Mara ya kwanza nilienda na kurudi siku hiyo hiyo, ilikuwa mwezi wa kumi majani yameiva mekundu na watu wamefurika, nikatoka na picha nyingi kwenye simu lakini ukiniuliza nimeona nini sikuwa na cha kukueleza. Mara ya pili nikalala, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, watu wamepungua, na hapo ndo pakaniingia moyoni.

Usafiri sio tabu, unapanda basi stendi ya Seobu hapo hapo Daegu, kama saa moja na nusu hivi. Kuelekea mwisho barabara inaingia kwenye bonde la Hongnyudong, mlima Gaya umekuinamia, misonobari huku na huku, na kijito kinapita katikati ya mawe makubwa. Hongnyu maana yake mkondo mwekundu, kwa vile msimu wa vuli majani yanafanya hadi maji yaonekane mekundu. Kama miguu ipo shuka kabla ya mwisho upande kwa njia ya miguu inaitwa Sorigil, ni kama kilomita 6, unatembea na kijito ubavuni. Sori kwa Kikorea ni sauti, na kweli huko husikii gari wala nini, maji tu. Mimi nimekulia Lushoto, ukungu na msitu sio vigeni kwangu, ila ile njia ilinikamata nikawa nasimama simama bila sababu.

Sasa kitu chenyewe. Haeinsa ilianzishwa mwaka 802 na imeungua mara nyingi sana, majengo mengi unayoyaona yamejengwa upya. Lakini juu kabisa, nyuma ya ukumbi mkuu, kuna maghala marefu ya mbao ya karne ya 15 ambayo moto haujawahi kuyagusa, na ndani yake kuna mbao za kuchapia zaidi ya 80,000, zimechongwa maandiko yote ya Kibudha pande zote mbili. Wamongolia waliteketeza seti ya kwanza mwaka 1232, nchi ikiwa bado vitani wakaanza kuchonga upya, wakamaliza 1251. Mimi ilinibidi nikae chini niwaze, watu wamevamiwa, mfalme kakimbilia kisiwani, halafu wanakaa wanachonga herufi moja moja, kinyumenyume ili zikichapwa zisomeke, kwa miaka zaidi ya kumi.

Ukifika pale angalia madirisha, wengi wanapita tu. Ukuta wa mbele madirisha ya chini makubwa ya juu madogo, ukuta wa nyuma imegeuzwa, ya juu makubwa ya chini madogo. Upepo wa bondeni unaingia, unazunguka kwenye rafu, unatoka. Sakafu ni udongo uliochanganywa na mkaa, chokaa na chumvi, unyevu ukizidi inanyonya, ukipungua inarudisha. Hakuna feni wala easii. Miaka ya 1970 serikali ilijenga ghala la kisasa, mbao za majaribio zikaota ukungu, zikarudishwa zilikotoka. Nilisogeza uso kwenye nafasi za dirisha, ndani kuna giza la kijivu, rafu zimepanda hadi juu, mbao zimesimama zimebanana kama vitabu, na hewa inakupiga usoni ina harufu ya mti mkavu wa zamani. Picha za ndani hawaruhusu, heshimu hilo.

Na uitafute kumbukumbu ya rubani Kim Young-hwan. Mwaka 1951, vita ya Korea, aliamriwa apige mabomu hapo kwa sababu wapiganaji wa Kaskazini walikuwa wamejificha, akakataa. Nilisimama pale muda mrefu.

Kuhusu kulala, unaweka nafasi mtandaoni kupitia templestay, yaani mpango wa wageni kulala hekaluni, Wakorea waliuanza huo mpango 2002 wakati wa Kombe la Dunia. Wanakupa nguo ya kuvaa, unalala chini kwenye godoro jembamba, sakafu inapashwa moto, raha tupu. Jioni usikose ngoma. Watawa wanapokezana kupiga ngoma kubwa kuliko mtu, mmoja anaingia mwenzake anatoka na mdundo haukatiki, mikono ya kanzu inaruka. Ngoma ni kwa ajili ya wanyama wa nchi kavu, samaki wa mbao anayegongwa ni kwa viumbe vya majini, bamba la chuma lenye umbo la wingu kwa ndege, na kengele kwa walioko motoni. Kila kiumbe kimekumbukwa.

Upande wa dini, mimi Mlutheri, nilienda na ndugu mmoja wa Zanzibar, Muislamu safi. Tulimwambia mhudumu mapema kwamba hatutasujudu, akasema kaeni nyuma kimya inatosha, na hatukusumbuliwa. Ibada yao inaanza mapema sana, giza bado limetanda, kwahiyo alfajiri ilipoingia mwenzangu alikuwa macho tayari, akasali zake chumbani. Chakula hakina nyama wala samaki, hata vitunguu na saumu hawaweki, kwahiyo wasiwasi wa nguruwe sahau. Ila pakua unachoweza kumaliza, kubakisha ni kukosa adabu kabisa. Suala la imani yenyewe muulize sheikh wako, mimi nakwambia nilichokiona tu.

Ukumbini ingia mlango wa pembeni, ule wa kati ni wa watawa wakubwa. Na beba soksi nzito jozi mbili, ubao wa pale alfajiri unauma hadi mfupa. Ukishapata tarehe niandikie, nikiwa na nafasi twende wote, nataka niyaone yale madirisha tena.